Shingo ya Natabo

Kwanza walilaumu tumbaku. Natabo alikuwa ameitafuna tangu alipozaa mtoto wa kwanza, na vidonda vilipomwota mdomoni mwezi wa kumi na moja, kila aliyepita bomani kwake pale Ngaremara alitoa hukumu ile ile kabla hajapewa kigoda. Wanawake wenzake, ambao mashavu yao wenyewe yalikuwa yametuna kwa tumbaku, walimwambia aiache. Akaiacha. Vidonda vikashuka kooni. Wakasema alichelewa kuiacha.

Binti yake, Joy, alikuwa mjini Isiolo akishona sare za shule katika kibanda cha mabati, nyuma ya stendi. Yeye pia aliamini habari ya tumbaku. Alimtumia mama yake dawa ya kusukutua na pakiti mbili za glukosi, kisha akarudi kwenye kola na mikunjo ya sketi, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wazazi walikuwa wamemkaba koo. Alipokwenda nyumbani siku ya Krismasi na kumkumbatia mama yake, shanga za shingoni ziliteleza mkononi. Hilo halikumshtua. Shanga za Natabo zilipakwa mafuta ya mbuzi na udongo mwekundu siku zote. Hakujua kwamba safari hii chini ya mafuta kulikuwa na maji mengine.

Zilikuwa shanga nyingi. Zilianzia mabegani zikapanda hadi chini ya masikio, nyekundu, nyeusi na buluu, zikaishika shingo wima kiasi kwamba akitaka kumtazama mtu aliye kando yake ilimbidi ageuze kifua kizima. Uzi wa kwanza alivishwa na mama mkwe wake siku ng'ombe wa mahari walipoingia bomani kwao. Nyingine alijiongezea mwenyewe, kila alipojifungua, kila mvua iliponyesha vizuri. Alilala nazo na kuoga nazo. Mwanamke wa rika lake hazivui. Anavuliwa siku moja tu, siku mumewe anapozikwa. Na mumewe, Ekuam, alikuwa hai, mwenye afya, mwenye mbuzi themanini na kikohozi kidogo cha asubuhi.

Ndiyo maana hakuna aliyeona shingo ya Natabo ilivyokuwa ikioza.

Mwezi wa pili malengelenge yalitokeza mgongoni, kisha mikononi, makubwa kama mayai ya kware, na yalipopasuka hayakufunga. Mwenye pikipiki aliyeitwa ampeleke hospitalini alimwangalia mara moja, akasema tairi lina pancha, akaondoka kwa mwendo ambao tairi lenye pancha haliuwezi. Wakampakia kwenye pikapu iliyokuwa imebeba mchanga.

Hospitalini walimtoa damu, wakaitoa tena. Walikata kijipande cha ngozi yake na kukipeleka Nairobi kupimwa. Siku ya tisa daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimketisha Joy na kumweleza kwamba mama yake ana saratani ya damu, kwamba huenda amekuwa nayo kwa miaka bila kujua, na kwamba saratani hiyo imeivuruga kinga ya mwili hadi kinga yenyewe inaichuna ngozi. Ngozi, mdomo, macho, na inaweza kufika mapafuni. Joy alisikia kila neno na hakuelewa. Alikuwa ameketi akihesabu vifungo vya koti la daktari, kazi ambayo mikono yake iliizoea.

Aliyemwelewesha ni Sadiya, nesi wa zamu ya mchana, mama wa Kiborana aliyekuwa akisafisha vidonda huku akizungumza ili mgonjwa asikilize maneno badala ya maumivu.

"Unawajua homgadi, dada? Serikali inampa mtu bunduki alinde ng'ombe wa kijiji. Sasa huyu wa mama yako amelewa. Analipiga risasi boma lake mwenyewe."

Joy aliuliza kama hawezi kunyang'anywa hiyo bunduki.

"Ndiyo hizi dawa tunampa. Lakini walahi nisikufiche. Ukishamnyang'anya, wezi wa nje nao wanajua boma halina mlinzi."

Wodini watu walikuwa na mawazo yao. Mama mmoja aliyelazwa kwa sababu ya mguu aliomba ahamishwe, akasema hana ubaya na mtu, ni harufu tu. Aliyebaki upande wa pili aliuliza kwa sauti ya kunong'ona, ile inayosikika hadi mlangoni, kama hiyo ni ile ya UKIMWI au ni ya kuapizwa. Natabo akasogezwa pembeni, karibu na sinki. Joy alishona pazia kwa vitambaa vilivyobaki vya sare, buluu na kijivu, akalitundika. Alipolifunga alisikia wodi nzima ikishusha pumzi.

Shida kubwa ilikuwa shuka. Kila walipomgeuza, shuka liliondoka na ngozi. Sadiya akakumbuka kwamba zamani wagonjwa wa moto walilazwa juu ya majani ya mgomba, kwa kuwa hayagandi. Lakini Isiolo ni nchi kavu. Migomba iko kwa Wameru, huko juu mlimani. Joy akafikiria siku nzima, kisha akaenda mahali ambapo majani ya mgomba hufika Isiolo kila siku mchana, yakiwa yamefunga miraa.

Alimkuta Mutea, muuzaji, akifungua mafurushi huku akizungukwa na wateja wenye haraka. Joy akainama na kuanza kuokota majani chini.

"Sista, umefikia hapo?" Mutea alimuuliza. "Hata kama ni njaa ya kutafuna, nunua basi kichele, ile ya bei ya chini. Hayo ni nguo ya miraa, si miraa."

Wanaume walicheka. Mmoja akasema siku hizi mbuzi wa Ngaremara wanavaa sketi. Joy hakunyanyua kichwa. Alisema majani hayo ni ya kumlaza mama yake, kwa kuwa akilala kwenye shuka ngozi yake inabaki hapo. Alisema hivyo kama mtu anayetaja vipimo vya suruali. Kicheko kilikatika. Mutea akachukua yale majani machafu mikononi mwake, akayatupa, akamfungulia furushi ambalo lilikuwa bado halijaguswa.

Tangu siku hiyo alimwekea ya nje, mapana, yasiyotoboka. Joy aliyaosha, akayachemsha kwenye sufuria ya kukodi, akayatandika. Mutea hakuwahi kumwona Natabo lakini alimtumia salamu zake. "Mwambie mama leo analala Maua," alisema siku moja, akitaja kule Meru majani yalikotoka. "Jana alilala Igembe." Joy alipozifikisha salamu hizo, Natabo alivuta mdomo upande mmoja. Kwa mdomo ule, hicho kilikuwa kicheko.

Alhamisi moja dripu iligoma. Mikono yote miwili ya Natabo ilikuwa imechunika. Hapakuwa na mahali pa kuchoma sindano wala pa kubandika plasta. Miguu nayo ilikuwa imevimba. Homa ilikuwa imepanda tangu jana yake. Daktari alikuja, akatazama, akasema umebaki mshipa mmoja wa kutegemewa, wa shingoni. Alizigusa shanga kwa ncha ya kidole, na usaha ukatoka kati ya nyuzi.

Alieleza polepole, Joy akifasiri kwa Kiturkana. Shanga zikitoka, shingo itasafishwa, mrija utawekwa, dawa zitapita. Zisipotoka, sumu ya vidonda itaingia kwenye damu, kama haijaingia tayari.

Natabo alisikiliza hadi mwisho. Macho yake yalikuwa yamegandamana kwa vidonda, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mume wangu hajafa," alisema.

Joy alimwambia kwamba hakuna aliyesema amekufa. Alimwambia ni hospitali, si matanga. Natabo akarudia maneno yale yale, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni ambaye hajui njia. Kisha akaongeza: "Usiniguse shingo, Joy. Nisikilize. Usiniguse."

Daktari aliuliza amesemaje. Joy alitamani kudanganya, akashindwa. Daktari akakunja faili. Alisema mgonjwa mwenye akili zake hawezi kulazimishwa, kwamba atajaribu tena mguuni, na kwamba familia izungumze leo. Si kesho. Leo.

Ekuam alikuwa nje, kwenye benchi, na kibuyu cha maziwa ambayo mkewe hakuweza tena kuyameza. Joy alipiga magoti mbele yake. Alimwomba aingie aseme neno moja tu, kwamba anaruhusu. Mama angemsikiliza yeye.

Mzee aligeuzageuza kifuniko cha kibuyu.

"Unataka niingie mle nikamwambie mke wangu anivulie shanga nikiwa nimesimama?"

"Nataka apone, Baba."

"Si kitu cha mtu mmoja. Ngoja ndugu yangu. Nanok akija tutazungumza, tutachinja kitu, itafanyika kwa njia yake."

Nanok, kaka yake mkubwa, alikuwa amehamisha mifugo upande wa Kulamawe, mahali simu haishiki. Aliahidi kurudi Jumapili. Joy alimwambia baba yake kwamba daktari hakusema Jumapili. Ekuam akajibu kwamba daktari hakuleta ng'ombe siku yeye Ekuam alipomwoa Natabo. Akaondoka na kibuyu chake.

Saa nane mchana Sadiya alimchoma Natabo sindano ya maumivu, ile aliyopewa kila siku kabla ya kusafishwa, akaenda kuandaa maji ya chumvi. Natabo akasinzia. Joy alifunga pazia. Alitoa mkasi wake wa kazi kwenye mkoba, mkasi wa chuma wenye makali hadi mwisho, akaufuta kwa spiriti mara tatu.

Alianza na uzi wa chini kabisa, ule wa bibi yake, mama wa Ekuam. Aliogopa angepiga kelele, yeye au mama yake. Hakuna aliyepiga. Nyuzi za nailoni zilikatika kwa sauti ndogo, na shanga zikamwagika juu ya majani ya mgomba, zikaviringika hadi sakafuni, chini ya vitanda vya watu. Baadhi hazikumwagika. Zilikuwa zimezama nyamani, na alipozivuta zilikuja na ngozi. Alizivuta. Alihesabu nyuzi thelathini na nne kisha akaacha kuhesabu. Alipomaliza, shingo iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, nyeupe mahali na nyekundu mahali, haina nguvu ya kubeba kichwa.

Sadiya alifungua pazia na beseni mkononi. Alitazama. Hakumgombeza. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, "Ya Rabbi, dada, hata hukuniita nikushikie," akaweka beseni chini na kuanza kuosha.

Daktari ndiye aliyekasirika. Alimwambia Joy kwamba alichofanya si sawa, kwamba ataandika hivyo kwenye faili, na kwamba asidhani yeye daktari alisita kwa uoga. Kisha akavaa glavu na kuweka mrija.

Natabo aliamka saa kumi na moja. Mkono wake, uliofungwa bendeji hadi kwenye vidole, ulipanda wenyewe kwenda shingoni. Ulipapasa. Ulikaa hapo.

"Ekuam amekufa lini?" aliuliza.

Joy alisema hajafa. Alisema alikuwa hapo leo mchana, alileta maziwa.

"Mmeshamzika?"

"Mama, Baba yuko hai. Ni mimi nimezikata. Nimezikata nikiwa peke yangu."

Natabo aliurudisha mkono kitandani.

"Basi ni mimi niliyekufa," alisema.

Halafu dawa zikafanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote baadaye, kwamba zilifanya kazi. Homa ilishuka siku ya pili. Siku ya nne jicho moja lilifunguka. Siku ya tano alikunywa maziwa ya ngamia kwa mrija, kikombe kizima, na Sadiya akaitangazia wodi kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi. Natabo aliweza kugeuza kichwa. Aligeukia dirishani, akageukia sinki, akageukia mlango. Mlango ndio alioutazama zaidi. Kila asubuhi aliuliza kama Ekuam amekuja.

Ekuam hakuja. Alifika mara moja tu, Ijumaa ile, siku moja baada ya mkasi. Alisimama kwenye uwazi wa pazia, akaiona shingo ya mkewe, naye akiwa usingizini. Alirudi nyuma hatua moja moja, kama mtu aliyekanyaga karibu na nyoka, na hakukanyaga hospitalini tena.

Huko Ngaremara habari ilifika kabla yake. Kisimani vijana walimpisha kwenye foleni na kumuuliza marehemu ameamkaje. Kwenye mnada wa mifugo mjini, dalali aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitano alimwambia, huku akicheka lakini mkono akiuficha, kwamba hajui taratibu za kununua mbuzi wa maiti. Wazee wenzake waliacha kumpa ugoro kutoka kiganjani. Walimwekea chini auokote. Alikuwa hai na mkewe amevuliwa shanga. Hapakuwa na mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo.

Joy aliyasikia hayo yote. Mama yake alipouliza, alisema ndiyo, Baba alikuja, ulikuwa umelala. Alisema hivyo siku ya tatu, siku ya sita, siku ya nane. Siku ya tisa Natabo alimwambia asijisumbue tena.

Siku ya kumi pumzi ilianza kukatika. Daktari alipima kifua, akamtoa Joy nje, akamwambia ndicho alichokihofia. Ugonjwa umefika mapafuni, na huko dawa hazina la kufanya. Joy aliuliza kama ni shanga, kama alizikata kwa kuchelewa au kwa kuwahi. Daktari alimtazama kwa huruma ambayo Joy angependa kumrudishia. Alisema shanga hazikuleta hili, na kuzitoa kusingelizuia. Alichonunua Joy ni siku chache tu.

"Ngapi?"

Daktari alifikiri. Alisema bila ule mrija asingevuka wikendi ile.

Natabo alikufa siku ya kumi na moja, Jumatatu, baada ya chai ya saa nne. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

Walimzika Ngaremara siku iliyofuata, haraka, kwa sababu mwili haukuweza kuoshwa wala kungoja. Mwinjilisti aliomba kwa ufupi. Mutea alikuja kutoka mjini, akasimama nyuma kabisa, mgeni asiyejulikana na mtu, akaondoka bila kula. Watu walipomaliza kutupa udongo, Nanok alimwita Joy chini ya turubai la kanisa, ambako wanaume wa ukoo walikuwa wameketi. Ekuam alikuwa katikati yao, lakini viti viwili vya pande zake vilikuwa vitupu.

Nanok hakuwa mtu mkali. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mzito. Alisema hakuna anayemchukia Joy. Alisema kila mtu anajua alimpenda mama yake. Lakini ndugu yake anatembea akiwa amekufa, na mwenye kumfufua ni yule aliyemuua. Mbuzi yuko tayari, dume jeusi. Litachinjwa, Joy atachukua majani ya tumboni mwake, atampaka baba yake kifuani, na atasema mbele ya watu kwamba alikosa. Maneno hayo tu. Jioni hii hii Ekuam atapewa ugoro mkononi.

Joy alisema mbuzi atamlipa yeye. Alisema atampaka baba yake kifuani na mgongoni, kwa mikono yake miwili, mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Ila lile neno hana.

"Bila neno, hiyo ni nyama tu," Nanok alisema.

"Basi ni nyama."

Manung'uniko yalipita chini ya turubai. Mzee mmoja alisema ndiyo matunda ya kusomesha wasichana na kuwapa mikasi. Shangazi yake, aliyekuwa amesimama kwa nje, alimwonyesha kwa mkono apige magoti, aseme, yaishe. Hata Joy aliona jinsi ingekuwa rahisi. Lilikuwa neno moja. Wateja wake aliwaomba radhi mara kumi kwa siku kwa kola zilizopinda.

Ndipo Ekuam akanyanyua kichwa. Alikuwa amekonda. Uso wake ulikuwa na vumbi la kaburi.

"Joy. Mimi sijali mila sana, unanijua. Lakini nimechoka. Watu hawanishiki mkono. Sema tu, hata kama huamini. Nisemee mimi."

Joy alimtazama. Alimpenda. Hata angalipewa mtu mwingine wa kumkasirikia, asingemchagua huyu.

"Mama alinikataza," alisema. "Mnielewe vizuri, msije mkasema sikujua. Alisema usiniguse, nikamgusa akiwa amelala. Aliamka akafikiri amezika mume. Hilo nimelifanya mimi, na nitalala nalo. Lakini aliishi siku kumi na moja, Baba. Alikunywa maziwa. Aligeuza shingo yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu mlipomwoa, na kila alipoigeuza alikuwa anakutafuta wewe. Siku kumi na moja mlango ulikuwa wazi."

Ekuam alifumba macho.

"Mbuzi nitamlipa," Joy alisema. "Msamaha siombi."